Kinyakyusa cha Msibani

Ukitaka kujifunza Kinyakyusa, Mama Khalidi hakupi daftari wala hakuambii urudie maneno baada yake. Anakuambia ujifunge kitenge, uchukue kisu, umfuate msibani. Mimi alinifanyia hivyo wiki yangu ya kwanza hapa kijijini Suma, na nilikasirika sana. Nilikuwa mwalimu wa ajira mpya, Mnyaturu wa Singida, nimetolewa kwenye jua nikaletwa kwenye nchi ambayo mvua inanyesha kana kwamba haina kazi nyingine, halafu mtu wa kwanza kunikaribisha ananipeleka kwenye maiti ya mtu nisiyemjua. Nikamwambia nimekuja kufundisha, sikuja kulia. Akanijibu kwa upole ule wake unaokera, "Mwalimu, hapa hakuna atakayekusikiliza mpaka akuone umekaa naye chini."

Nikakaa chini. Nyuma ya nyumba ya wafiwa, kwenye baridi na moshi wa kuni mbichi, wanawake walikuwa wamezunguka rundo la ndizi wakimenya za kuwapikia waombolezaji. Nami nikaanza kumenya. Wenzangu wote walikuwa wamejipaka mafuta mikononi, mimi sikujua, na utomvu ukanigandia mpaka nikawa na mikono ya fundi gereji. Mama Khalidi aliniona tangu ndizi ya kwanza na akanyamaza. Ndivyo alivyo. Anaamini kinachouma ndicho kinachokaa. Na kweli, nilirudi nyumbani nikijua kisu, mafuta na aibu vinaitwaje kwa Kinyakyusa, na sijavisahau hadi leo.

Namwandika kwa sababu wanaomsifu hapa Suma wanamsifu mno, na wale wachache wanaomlaumu hawajui wanachomlaumia. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine aliniambia mwenyewe, visu vikiwa mikononi.

Jina lake ni Rahima. Alizaliwa Tunduru, baba Myao na mama Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma, na nyumbani kwao walizungumza Kimakua kwa sababu mama ndiye aliyekuwa na mdomo. Abdala, kijana wa Kiislamu wa Tukuyu aliyekuwa akizunguka kununua korosho, alimwoa huko akamleta Suma, kwenye duka lake dogo la sabuni, chumvi na viberiti. Kiswahili Rahima alikuwa nacho. Lakini Kiswahili kwa bibi wa Suma ni kama koti la kwendea kanisani: lipo, lakini halivaliwi shambani. Wateja waliingia, wakasema na Abdala, wakacheka, wakatoka, na bibi harusi amesimama nyuma ya mizani kama mzigo ambao haujapata mwenyewe.

Kisha akamzaa Khalidi, na Khalidi akafa kwa homa kabla hajaanza kutembea. Wanawake wa kijiji walikuja kwenye mvua na mikungu kichwani, Wakristo watupu, wakaingia kwenye nyumba ya Mwislamu, wakakaa sakafuni na kumlilia mtoto. Mmoja wao, Esnath, ambaye hata wakati ule alikuwa mtu mzima, alimkumbatia Rahima kwa nyuma akawa anamsemesha sikioni bila kukoma. Rahima hakuelewa neno hata moja, na hakuna aliyemtafsiria. "Nilimzika mwanangu kwa lugha nisiyoijua," aliniambia. "Siku ile nikaapa sitalia tena bila kujua naambiwa nini."

Tangu hapo hakuna msiba uliompita. Abdala alinung'unika kwamba dini haitaki kulia kwa kelele, na ustadhi mmoja wa mjini akamkanya. Rahima alikuwa na jibu lake: "Mimi silii, niko masomoni." Na ni kweli kwamba nyuma ya nyumba yenye msiba ndiko lugha yote iliko. Huko watu hutaja nani ni shangazi wa nani, nani aligombana na nani, mgonjwa alianzaje, na huko huko hucheka mpaka wenye nyumba wakohoe. Baada ya miaka kadhaa alikuwa anatania kwa Kinyakyusa hata wenye lugha yao wakamwogopa mdomo.

Ndiyo maana mwalimu mkuu wetu, Hosea, alianza kumpelekea wageni. Alimpelekea walimu wapya, nesi wa zahanati, na hasa watoto wa vibarua wa chai, ambao hutua hapa kutoka huku na kule, wakaingizwa darasa la kwanza lenye watoto waliokulia mgongoni mwa bibi zao na hawajui lingine. Mtoto mgeni hapigwi na wenzake. Anaachwa tu, na kuachwa kunaumiza zaidi. Mama Khalidi aliwachukua mmoja mmoja, akawapeleka msibani, akawapa vijisu butu wamenye, na baada ya muhula mmoja ungewaona wanakimbizana na wenyeji mashambani. Alikuwa na sharti moja: mgeni asisemeshwe kwa lugha ya kwao hata kama unaijua. "Ukimbeba hatatembea," alisema. Yeye hakuna aliyembeba.

Shadya aliletwa na Mansuri, binamu yake Rahima, msimu ambao habari za vita vya Kabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, zilikuwa zinasomwa redioni kila siku. Alikuwa mtoto wa dada yake Mansuri, Mwantum, Mmakua wa kijiji kimoja ng'ambo ya mto. Watu wenye mapanga walikuja kijijini alfajiri, watu wakatawanyika, mtoto akakimbia na majirani, mama akabaki nyuma. Mansuri alimpata upande wa Mtwara akiwa na gauni moja. Hakuwa na pa kumweka, akamleta kwa binamu yake, kwani alisikia kwamba ana moyo wa wageni. Mtoto angeweza kuwa na miaka sita.

Hakusema. Si kwamba alisema kidogo. Hakusema kabisa. Alikula akipewa, alikaa akiambiwa kwa mkono, na usingizini alinong'ona Kimakua. Mama Khalidi alimsikia na kumwelewa, na alipoamka akamwamkia kwa Kinyakyusa. Abdala hakuvumilia. "Mama Khalidi, hii lugha unayo kinywani. Mwambie mtoto neno moja la kwao alale."

"Nikimwambia moja ataomba la pili."

"Aombe. Ni mtoto."

"Mimi mliniacha nikaelea peke yangu, Abdala. Sikufa."

Abdala alijua ni kweli, akarudi dukani.

Mama Khalidi akampeleka mtoto msibani. Nawaza sasa jinsi tulivyokuwa vipofu wote, mimi nikiwa wa kwanza kusifu. Mtoto aliyetoka kwenye mauaji tunamkalisha katikati ya vilio, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, tunampa kisu. Alimenya ndizi vizuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwona. Hakuinua kichwa.

Mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia, na Shadya akarudia darasa la kwanza, darasa langu, bila kutoa sauti. Hosea aliitwa wilayani, Tukuyu, akarudi amenuna. Alitukuta mimi na Mama Khalidi ofisini akasema hana njia: mtoto asiyesema mpaka mwisho wa muhula atapelekwa bweni la watoto wenye ulemavu, mkoa mwingine. "Mimi namtetea," alisema, "lakini wananiuliza nimsajili kama nani? Kiziwi si kiziwi, bubu si bubu."

"Si bubu," alisema Mama Khalidi.

"Mama, hilo nalijua. Waonyeshe."

Njiani Mama Khalidi alinishika mkono. Aliniambia akipotea tena huyu mtoto, atakuwa amepotezwa na mikono yake yeye. Nilimwona mwoga siku hiyo, na hakuwa mwanamke wa kuogopa.

Katika muhula huo huo Mansuri akapiga simu. Kijiji cha Mwantum kilikuwa kimechomwa chote, na mtu aliyetoroka alisema alimwona ameanguka njiani, hainuki. Abdala alisema wasubiri, kuanguka si kufa. Alikwenda hadi kwa sheikh mjini, naye akamwambia hivyo hivyo, asiyeonekana asiharakishwe kuitwa marehemu. Lakini Mama Khalidi alikuwa amekwenda kwa Esnath.

Esnath sasa ni bibi wa fimbo, na ndiye anayewaongoza wanawake kulia hapa kwetu. Nilikuwepo. Alimsikiliza akiwa anakaanga mahindi, akatikisa kichwa, akasema kwa ulimi wake usio na r:

"Lahima, mwanangu, wewe ni mtu wa msibani, huoni? Huyu mtoto mdomo wake umefungwa na mama yake. Hajamlilia. Mtu hajalia mama yake, atasema na nani? Lieni msiba. Sisi tutakuja."

Kwa hapa si jambo la ajabu. Ndugu akifa Dar es Salaam au Zambia na mwili haufiki, nyumbani wanakaa msiba vile vile, bila kaburi. Abdala alipinga siku mbili. "Wewe una subira ya dukani," mkewe alimwambia. "Huyu mtoto hana muda huo." Mwishowe akasoma dua kwa sauti ndogo, kwa nia ya rehema tu, alivyosema, na akawaacha wanawake wafanye yao.

Kabla watu hawajaja nilimwuliza Mama Khalidi kama amemwambia Shadya. Akasema atamwambia kwa Kinyakyusa. Nikamsihi, walau hili moja amwambie kwa Kimakua. "Nikimwambia kwa Kimakua atalia kwa Kimakua," alisema, "na atabaki huko huko." Kisha akainama akamwambia, kwa Kinyakyusa, mama yako amekufa. Mtoto alimtazama, na nikajua ameelewa. Alikuwa anaelewa siku zote.

Wanawake walikuja na mikungu yao na kuni, wakaanza kulia tangu njiani kama inavyotakiwa, wakajaa ndani. Esnath alikaa nyuma ya Shadya akamkumbatia, kama alivyomkumbatia Rahima zamani, akamlilia shingoni. Mtoto aliendelea kutazama sakafu. Nilifikiri hapa tumecheza na mtoto wa watu. Kisha akapiga ukelele, ukelele wa mtu mkubwa, na nyuma yake yakaja maneno. Yalikuwa Kinyakyusa safi, yale yale aliyoyasikia msiba baada ya msiba: umeniacha na nani, juba, mama yangu, nitakuona wapi, umeniacha na nani. Hakukosea hata moja. Wanawake waliokuwa wanalia kwa desturi wakaanza kulia kweli, na mimi Mnyaturu nikalia nao. Alipochoka alimgeukia Esnath akamwomba maji, kwa adabu zote, magoti chini.

Mama Khalidi alitoka nje akaegemea mgomba akicheka na kulia. Hilo ndilo lililomjengea sifa hapa, na sitawalaumu waliomsifu.

Baada ya hapo Shadya alisema mno. Kwa kuwa walimu wake walikuwa vikongwe wa msibani, alisema kama kikongwe. Aliniita "mwanangu" mbele ya darasa, na akiona mwenzake ameanguka alimpa pole ya mtu aliyefiwa na mume. Tulicheka sana na yeye akacheka. Kiswahili kilimfuata chenyewe. Alipofika darasa la tatu, akija mtoto mgeni nilimkabidhi kwake, na alikuwa na huruma kuliko mlezi wake: aliwashika mkono, akawaonyesha choo kiko wapi, na aliwapaka mafuta kabla hawajagusa ndizi. Na hata usingizini, Mama Khalidi aliniambia kwa fahari, anaota Kinyakyusa.

Mansuri alipiga tena simu Shadya akiwa na kama miaka kumi. Abdala ndiye aliyepokea, akampa mkewe bila kusema. Mwantum alikuwa hai. Aliponea porini, akazunguka kambi moja hadi nyingine kumtafuta mwanawe, na sasa amefika Mtwara kwa kaka yake na anataka kusikia sauti ya mtoto.

Mama Khalidi alikuja shuleni mchana ule na kandambili za nyumbani, zimejaa matope. Aliketi kwenye dawati la watoto. "Mwalimu," alisema, "nimemzika mtu mzima."

Nilidhani Shadya akiambiwa atapiga kelele za furaha, au atalia. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama anavyosikiliza mkubwa. Kisha akasema kwamba mama yake walimlilia. "Nyie wote mlikuwepo. Bibi Esnath alikuwepo." Mama Khalidi akamweleza kwamba walikosea, watu walileta habari ya uongo. Mtoto akafikiri, akapata jibu lake. Alisema huyo atakuwa mama mwingine, maskini, amepoteza mtoto wake kwenye vita, sasa anamfananisha yeye na wake. Wampe pole. Simu ilipowekwa sikioni mwake, ikatoka sauti ya mwanamke analia na kuita, na Shadya akairudisha kwa mikono miwili akasema haelewi.

Basi Mwantum akaja. Mansuri alimpandisha basi la Mbeya, na Abdala akaenda kumpokea akamleta nyumbani Suma. Alikuwa mwembamba, ana kovu la moto kutoka kiwiko hadi kiganjani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Tulikuwa tumesimama uani. Shadya alitoka ndani akapiga magoti kwenye tope, akapokea mfuko kwa mikono miwili, akasema, "Mugonile." Ndivyo anavyoamkiwa mtu wa heshima. Mama yake akamwangukia, akamshika uso, akamwita, akamnusa nywele. Shadya alisimama wima akingoja, kama mtu anayengoja mvua ipite apate kwenda zake. Alipoachiliwa akaenda kumtengea mgeni maji ya moto ya kuoga.

Nilitaka ardhi inimeze, na mimi wala si ndugu.

Siku zilizofuata Mama Khalidi alifungua kinywa kusema Kimakua, na Kimakua hakikutoka. Kilikuwa kimekaa bila kutumika kwa miaka mingi. Alitafuta neno la mto akapata la Kinyakyusa, akatafuta la kaka akakwama. Watu hao watatu walikaa meza moja, mama na mtoto na yeye katikati, na kila sentensi ikafika nusu. Mwantum alimsimulia binti yake habari za nyumbani, mbuzi, nyanya yake, na mtoto akamtazama Mama Khalidi aambiwe mgeni anataka nini. Mgeni aliongezewa chakula. Alitandikiwa kitanda cha Shadya mwenyewe.

Siku moja Mwantum aliuliza ni nani mwingine katika nyumba hii anayejua Kimakua. Mama Khalidi mwenyewe alinieleza.

"Ni mimi tu."

"Tangu mtoto alipofika?"

"Tangu alipofika."

"Na ulimsemesha?"

Mama Khalidi alisema hapana. Mwantum hakumtukana. Aliinuka akaenda kukaa jikoni. "Angenipiga, Mwalimu," aliniambia, "ningelala."

Abdala alisema sheria iko wazi, mtoto ni wa mama yake, aondoke naye. Hosea alikubali. Mwantum ndiye aliyekataa kuharakisha. Alimwambia Mama Khalidi, kwa Kimakua cha polepole apate kuelewa, kwamba alikimbizwa mwenyewe na anajua mtu anavyotazama akichukuliwa kwa nguvu. Hataki kutazamwa hivyo na mwanawe. Atakaa. Siku mtoto akimjua wataondoka wote, na asipomjua ataondoka peke yake. Sote tukajua ni hilo tunalolingoja. Wiki zikapita, na Shadya akazidi kuwa na adabu.

Kisha akafa baba yake Ambilikile, jirani wa juu ya barabara, mzee aliyeshiba siku. Kijiji kizima kikaenda. Mgeni akibaki nyumbani watu wakizika, huonekana ana neno moyoni, kwa hiyo Mama Khalidi akamfunga Mwantum kitenge wakaenda naye. Tulipofika Shadya alikuwa tayari ndani, amekaa sakafuni karibu na Esnath, analia. Anamlilia mzee aliyemjua kwa kupewa maparachichi, lakini analia kwa maneno yaliyopangika, yenye ukoo wa mzee ndani yake, mpaka wanawake wakubwa wakawa wanamfuata. Mwantum alisimama mlangoni akamtazama. Alikuwa haelewi maneno. Alielewa mengine yote.

Akamwuliza Mama Khalidi kwa sauti ya chini, nami nikatafsiriwa baadaye, kama mwanawe alimlilia yeye pia hivi.

"Zaidi ya hivi," alisema Mama Khalidi.

"Watu walikuja?"

"Walijaa."

Mwantum alitikisa kichwa. "Basi wale wenye mapanga walichoma nyumba tu," alisema.

Tukaenda nyuma kumenya ndizi. Mwantum akapewa kisu, akapewa mafuta. Alimenya kidogo, kisha kisu kikamponyoka, na akaanza kulia, si kilio cha desturi, kilio cha tumboni kisicho na maneno, amejishika magoti na kuyumba. Wanawake wakaweka visu chini. Hawakujua wamsemeshe nini, kwa lugha gani. Shadya alitoka ndani na uso wake umelowa bado, akamwona. Alimwendea Mama Khalidi akachuchumaa kwa heshima, akauliza kwa Kinyakyusa yule mama mgeni ana nini.

Mama Khalidi angeweza kusema mengi. Mwisho akasema, "Amefiwa."

"Na nani?"

"Na mtoto wake."

Shadya aliitikia kwa kichwa taratibu, kwani alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo. Akaenda akapita katikati ya maganda ya ndizi, akakaa nyuma ya mama yake, akamkumbatia kama alivyofundishwa, akaweka shavu shingoni mwake na kuanza kumlilia mtoto. Alimsifu mtoto huyo kwamba alikuwa mzuri. Akasema alikuwa na bahati kuwa na mama anayemtafuta mbali hivi. Akamwuliza mtoto huyo kwa nini amemwacha mama yake apite nchi za watu peke yake. Yote kwa Kinyakyusa, na hakuna mwanamke pale aliyeweza kuinua macho. Mwantum hakujua anaambiwa nini. Alijua tu kwamba mwanawe amemshika, na kwamba kwa mara ya kwanza hajakakamaa. Akaishika ile mikono midogo kifuani mwake kwa nguvu zote, akafumba macho, akanyamaza kabisa ili kilio cha mtoto kisiishe.

Kikaisha. Shadya alijifuta uso, akampa pole ya mwisho, akarudi kwenye rundo lake la ndizi, kwa kuwa watu walikuwa wengi na chungu kilikuwa kinangoja. Kesho yake asubuhi Mwantum alimwomba Abdala ampeleke stendi, na hakumwamsha mtoto.